Mwanangu anasema mashine ya marehemu baba yake imekufa

Mshauri wetu, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa miaka 57, naishi Makorora hapa Tanga. Kazi yangu ni kushona, na kwa miaka sita sasa ni mweka hazina wa kikoba chetu cha wanawake 22. Nakuandikia jambo ambalo majirani wakilisikia watacheka, lakini limeninyima usingizi na limenikosanisha na mwanangu.

Marehemu mume wangu alikuwa karani bandarini. Alipostaafu mwaka 2019 alinunua kompyuta mpakato ya mtumba kwa shilingi 450,000. Ni Dell nyeusi, na herufi A imefutika kabisa kwenye kibodi, maana mzee alikuwa anachapa kwa kidole kimoja, na Kiswahili chetu hakiendi bila A. Mwanangu wa kwanza ndiye aliyemfundisha kuitumia. Baada ya miezi michache mzee akaanza kuandika habari za babu yake, aliyekuja kutoka bara kukata mkonge Muheza, na jinsi ukoo ulivyotapakaa mpaka Korogwe na Pangani. Kila siku baada ya alasiri utamkuta barazani anachapa. Aliacha folda tatu. Alifariki mwaka 2023, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilipotoka eda, kitu cha kwanza kukigusa katika vitu vyake kilikuwa ile kompyuta.

Mpwa wangu anayesoma chuo akanionyesha Excel, nikahamishia humo mahesabu yote ya kikoba: hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii. Sikuwahi kukosea hata shilingi.

Mwezi wa 10 mwaka jana, niko katikati ya kuingiza hisa za Jumamosi, kioo kizima kikajaa maandishi ya Kiingereza. Mpwa akanisomea kwamba msaada wa Windows 10 unafikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba mashine yangu haifai kupandishwa kwenda Windows 11. Alivyonisomea tu, nikaizima, nikachomoa chaja, nikaifunika kanga. Sijaifungua tena mpaka leo. Mahesabu nayaandika kwenye daftari, na Desemba ulitokea upungufu wa shilingi 18,000. Nililipa mfukoni mwangu, kumbe nilikosea kujumlisha.

Ushauri ninao mwingi, tatizo haufanani. Mwanangu, anayefanya kazi za kompyuta Dar es Salaam, anataka ninunue mpya. Yeye atoe nusu, mimi nusu. Hiyo nusu yangu itatoka kwenye shilingi 700,000 nilizoweka kwa ajili ya mabati ya jiko kabla ya masika. Nilipositasita akasema, "Mama, hiyo mashine imekufa, mnalinda maiti." Dada yake alikuwepo, simu iko spika. Nikakata. Sasa ni wiki ya tatu tunapeana salamu tu.

Fundi mmoja wa Ngamiani anasema kwa shilingi 30,000 ananipigia Windows 11 siku hiyohiyo, anayo njia ya mkato. Mpwa anasema niachane na Windows, aniwekee Linux, ni bure. Alinisomea pia namba ya mashine, i5-6300U, akasema ndiyo inayonikwamisha.

Je, ni kweli imekufa? Nikimpa fundi, maandishi ya mume wangu yatapona? Nimsikilize nani? Na mwanangu nimwanzie wapi, ikiwa yeye anaona kumbukumbu ya baba yake ni takataka?

Mama wa Makorora

*

Waaleikum salaam, dada yangu, na pole kwa msiba. Najua miaka imepita, lakini barua yako inaonyesha kwamba bado unaye marehemu pale barazani kila alasiri. Sikucheka hata mstari mmoja. Mahesabu ya wanawake 22 na maandishi ya mtu aliyetangulia vimekaa ndani ya chombo kimoja, kisha chombo hicho kikakutolea tangazo kwa lugha usiyoizoea. Nani asingeogopa?

Nilivyokuelewa, unabeba mambo mawili uliyoyafunga furushi moja. Moja ni la mashine: ni salama au si salama, itengenezwe au ibadilishwe. La pili ni neno alilolisema mwanao. Nitayafungua moja moja, kwa sababu nahisi la pili ndilo linalofanya la kwanza lionekane zito kuliko lilivyo.

Niulize kwanza: yale maandishi yalisema kompyuta itazimika? Hayakusema hivyo, dada yangu. Ukiifunua ile kanga leo ukaiwasha, itawaka, na mafaili yako utayakuta. Windows 10, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta yako, ilitoka Julai 2015. Kwa miaka kumi kampuni ya Microsoft ilikuwa ikitafuta matundu ya usalama ndani yake na kuyatia viraka kila mwezi. Wewe mshonaji, kiraka unakijua. Kilichokoma tarehe 14 Oktoba ni kule kutia viraka kwa watu wote bila masharti. Tundu likigunduliwa kesho linabaki wazi, na wezi wa mitandaoni wanalijua. Kwa hiyo "imekufa" si neno lake. Lakini "iko vilevile kama zamani" nalo si kweli, na kadiri miezi inavyokwenda ndivyo linavyozidi kutokuwa kweli.

Hapo inabidi nimtendee haki mwanao. Mtu wa kazi yake ana sababu ya kuogopa. Mei 2017 kilizuka kirusi kilichoitwa WannaCry. Kilikuwa kinafunga mafaili ya watu kisha kinadai fedha ili yafunguliwe. Kilienea nchi nyingi kwa siku chache, na huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa. Kiraka cha tundu kilichopitia kilikuwa kimeshatolewa miezi miwili kabla, mwezi Machi; walioumia ni wale ambao mashine zao hazikutiwa kiraka hicho. Sasa fikiria faili la kikoba limefungwa namna hiyo siku ya kugawana. Naamini mwanao aliwaza kitu cha namna hiyo, ila kinywani kikatoka kingine.

Kabla hujamsikiliza yeyote kati ya hao watatu, liko jambo ambalo kwangu halina mjadala: nakili maandishi ya marehemu. Tena si kwa ajili ya Windows. Mashine hii mliinunua ikiwa mtumba mwaka 2019, na kizazi hicho cha kompyuta kilitoka miaka kama kumi iliyopita. Nyingi za umri huo huhifadhi mafaili kwenye diski ya kuzunguka, na diski ya kuzunguka huchoka, halafu sisi wa pwani hewa yetu ina chumvi. Diski ikigoma asubuhi moja, hata kampuni ikikupa viraka vya miaka mia havitairudisha ile habari ya babu wa Muheza. Mwite mpwa wako. Zima intaneti, washa mashine, chomeka flashi mpya kutoka dukani, si ya kuazima kwenye steshenari. Zile flashi za kuzungukazunguka ndizo zinazobeba virusi vinavyogeuza folda zote kuwa shotikati, alama tupu za njia ya mkato. Nakili folda tatu na faili la kikoba, kisha zifungue hukohuko kwenye flashi, moja baada ya nyingine, uone herufi kwa macho yako. Halafu nakili tena kwenye flashi ya pili, hiyo ikakae kwa binti yako. Ukimaliza hilo, nafikiri usiku huo utalala, na maamuzi mengine yatakuwa mepesi kidogo.

Kuna njia moja ambayo hakuna aliyekutajia, nami nimeshangaa. Microsoft wenyewe wameweka mpango wa kuendelea kuwapa watumiaji wa nyumbani viraka vya usalama vya Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiunga kwenye ukurasa wa masasisho, ndani ya mipangilio ya kompyuta. Ukiwa na akaunti ya Microsoft na ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao, hulipi kitu. Usipotaka, ni dola 30 mara moja. Mashine iwe na toleo la 22H2, jambo ambalo mpwa wako ataliona kwa dakika moja. Hupati mambo mapya, unapata viraka tu. Na nikuambie wazi kasoro yake: unanunua muda, tena mfupi, na itakubidi ufungue akaunti ukumbuke nywila yake. Ila mabati yataezekwa, masika yatapita, nawe utakuwa umekaa ukafikiri bila kukimbizwa na mtu.

Huyo fundi wa Ngamiani sitaki kumsema vibaya. Mafundi wetu wameokoa mashine nyingi ambazo wenye pesa wangezitupa. Namba aliyokusomea mpwa, 6300, tarakimu yake ya kwanza inaonyesha kizazi cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: ni cha 6. Windows 11, kwa prosesa za kampuni ya Intel kama yako, huanzia kizazi cha 8 isipokuwa chache sana. Njia ya mkato ipo kweli. Anaruka ule ukaguzi na mashine inakubali. Tatizo ni kwamba kampuni haiahidi masasisho kwa mashine iliyoingizwa hivyo. Unaweza ukalipa 30,000 kukimbia kukosa viraka, kisha ukarudi palepale. Muulize maswali mawili akiwa bado hajaishika mashine. La kwanza: hiyo Windows ni halali au imechakachuliwa? Zile za kuchakachua mara nyingi zina programu ya kuzifungulia, na programu hiyo humtaka fundi azime kinga ya virusi kwanza. Sitamani mahesabu ya watu yakae juu ya kitu cha namna hiyo. La pili: utafuta diski? Wengi wakipiga Windows hufuta kila kitu ili kazi iwe safi, na hawasemi mpaka uulize. Nawajua watu waliorudi nyumbani na mashine inayong'aa, haina hata picha moja ya harusi.

La mpwa wako nimelikalia muda mrefu zaidi, maana ni vijana wachache wanaomshauri mzazi kitu kisichogharimu pesa. Linux ni mfumo endeshi kama Windows ilivyo, ila haumilikiwi na kampuni moja, nao huja wa namna nyingi. Upo unaoitwa Ubuntu. Neno hilo limetoka kusini mwa Afrika, ni ndugu wa neno letu "utu". Juu yake umejengwa Linux Mint, ambao wengi waliozoea Windows huuona rahisi kwa sababu menyu iko palepale chini kushoto. Matoleo yake ya namba 22 yanahudumiwa mpaka 2029. Mashine ya kizazi cha 6 inauendesha bila taabu. Na uzuri wake mkubwa kwako, dada yangu, ni kwamba unaweza kuujaribu bila kuondoa chochote: mpwa anauweka kwenye flashi, mashine inawashwa kutoka kwenye flashi hiyo, unaushika, unauzungusha, ukiuzima na kuchomoa flashi Windows yako iko kama ulivyoiacha. Kuupakua ni takriban GB 3, basi aupakulie chuoni asimalize bando lako.

Badala ya Word na Excel utapata LibreOffice. Itafungua faili la kikoba, na kujumlisha ni kulekule. Mistari inaweza kusogea, na kama mpwa alikuwekea vitufe vinavyofanya mambo vyenyewe huenda visifanye kazi. Printa, kama unayo, ijaribiwe siku hiyohiyo. Wala usidhani vitu hivi ni vya wageni tu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kutoka ukoo uleule ambao baadaye ulizaa LibreOffice. Kinachonitia wasiwasi ni kitu kimoja. Mpwa akimaliza chuo akapata kazi Mwanza, nani atakusaidia? Windows kila kona ina fundi. Linux inabidi umtafute. Mwambie ukweli huo, umsikie atajibu nini.

Kununua mpya nalo si wazo baya, hata kama lilikujia na maneno makali. Ila mashine ya mtumba iliyotoka miaka miwili mitatu baada ya hii yako inatosha kabisa kwa kazi yako, mradi prosesa iwe kizazi cha 8 kwenda juu, na uione ikiwaka na Windows 11 kabla hujatoa pesa. Kuna pia kuiacha hii ya sasa iwe ya kuandikia na kujumlishia tu, isiguse intaneti, na mambo ya mtandao uyafanye kwenye simu. Wengi wanaishi hivyo. Flashi tu ndizo zitabaki mlango wa virusi, na mlango huo utaulinda mwenyewe.

Sasa nivumilie nikuulize jambo ambalo hukuliuliza. Kwa nini gharama hii ni ya mabati yako? Wanawake 22 wanategemea mashine hiyo. Desemba ulilipa 18,000 za kosa la kujumlisha, ukanyamaza. Kikoba kinanunua madaftari, kinanunua kufuli la sanduku, hicho chombo kinachobeba mahesabu yote mbona hakijawahi kujadiliwa? Labda unaona aibu kuomba. Labda kwa kuwa ni ya marehemu hutaki ichanganywe na mali ya kikundi, na hilo naliheshimu. Lakini pengine kazi hizo mbili zingetenganishwa: mahesabu yahamie kwenye chombo cha kikoba, na Dell ya mzee ibaki kuwa ya mzee. Sijui kama utapenda. Wanachama wana haki ya kujua fedha zao zinaandikwa wapi, na huenda wakakushangaza.

Nimebakiza mwanao. Unasema anaona kumbukumbu ya baba yake ni takataka. Nimeirudia barua yako mara tatu nikitafuta mahali aliposema hivyo, sikupaona. Alisema mashine imekufa. Ni neno baya, kwa mjane ni neno baya sana, na kulisema mbele ya dada yake kuliongeza kidonda. Una haki ya kumwambia kwamba lilikuumiza. Lakini umeandika pia, kwa mstari mmoja ukapita, kwamba ni yeye aliyemfundisha baba yake kuchapa. Basi ile A iliyofutika, yeye alikuwepo ilipoanza kufutika. Huenda kumwambia mama "tununue mpya" ni rahisi kuliko kurudi nyumbani na kuikuta mashine ile imefunikwa kanga. Wanaume wetu wengi wakifiwa hukimbilia kutengeneza vitu. Naweza kuwa nimekosea. Wewe ndiye uliyemzaa.

Unaweza kusubiri apige yeye, na kwa mila zetu mtoto ndiye anayerudi kwa mama. Hatari yake ni kwamba wiki ya tatu huzaa ya nne. Unaweza kupiga wewe, na hatari yake ni kwamba mtaanza tena na mashine, mtaishia palepale. Ukipiga, ningependa usianze na Windows kabisa. Anza na yale maandishi. Huenda hajui hata kwamba folda ni tatu.

Mpwa akishakunakilia, soma kurasa mbili tatu kwanza wewe mwenyewe. Kisha niandikie tena, uniambie kama mwanao amewahi kuzisoma.